Gobole la marehemu baba: ni mali, ni kumbukumbu au ni dhima?



Ndugu msomaji, swali ninalolileta leo sikulitoa kitabuni. Nililetewa baada ya swala ya Ijumaa na kijana mmoja mwenyeji wa Mbuba, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Baba yake alifariki dunia, Allah amrehemu, na baada ya siku za msiba familia ikaanza kukusanya alichoacha marehemu: shamba la migomba na kahawa, ng'ombe wachache, nyumba na vyombo. Walipopanda darini kushusha mbao wakakuta kitu kimefungwa kwenye gunia. Kulifungua gunia, ni bunduki. Si bunduki za leo, bali ni ile ya kushindilia baruti kwa mbele, ndefu, kitako chake kimeliwa na mchwa, mtutu umeshika kutu. Mama akasema anaifahamu. Ilikuwa ya babu, na babu naye aliipata kwa baba yake.

Kabla hata arobaini haijafika, habari zilikwishatoka nje. Akaja mtu na gari kutoka mjini, akasema yeye hununua vitu vya kale. Alianza na shilingi laki mbili. Alipoona watu wanasitasita akapandisha, na akasisitiza biashara iishe usiku ule ule. Kaka mkubwa akataka kuuza, kwa hoja kwamba silaha ya baba ni ya mtoto wa kwanza wa kiume, ndivyo mila inavyosema. Dada akasema ipelekwe polisi kabla haijaleta balaa. Mama akakataa yote mawili: "Mkiitoa hiyo mmemtoa baba yenu ndani ya nyumba." Na kuna watoto wawili wadogo wa mama mdogo ambao hakuna aliyewauliza, kwa kuwa hawajui hata kilichomo kwenye gunia.

Kijana yule akaniuliza: "Ustadhi, hii ni mali au si mali? Tuiuze, tuiweke au tuitoe?"

Mimi si mwanasheria wala fundi wa silaha. Ni mwalimu wa somo la dini. Lakini niliona kwamba swali hili lina mambo mengi ambayo Waislamu tumeyazoea kuyachukulia juu juu: mirathi, bei ya haki, utii wa sheria, na lile kubwa zaidi, dhima ya mtu juu ya kitu baada ya kukiuza. Nikamwomba muda. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue ni kitu gani

Mtu hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua. Bunduki za namna hii zimefikaje Ngara na Biharamulo?

Katika karne ya 19 njia za misafara ya pembe na watumwa zilitoka pwani zikapita Tabora, na tawi moja likapanda kaskazini hadi Karagwe. Kule Kafuro, Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mzungu Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 alikuta biashara hiyo imekwishaota mizizi. Pamoja na nguo na shanga, bidhaa iliyotafutwa sana na watawala wa bara ilikuwa bunduki na baruti.

Mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakiigawana Afrika yakaogopa silaha hizo. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ukakataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara letu. Lakini mkataba huo huo uliacha mwanya: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuingia kwa masharti. Kwa maneno mengine, mkoloni alijiwekea bunduki nzuri na kumwachia Mwafrika ile ya kizamani. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kinachokutwa darini leo kiwe gumegume au ya fataki.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Rwanda na Burundi, yakashuka Biharamulo hadi Tabora, ambayo iliangukia mikononi mwao Septemba mwaka huo. Askari wengi wa Mjerumani walibeba bunduki za mfano wa mwaka 1871 zilizotoa moshi mwingi. Vita hupita, vyuma hubaki.

Lakini kuna aina nyingine ambayo ndiyo iliyo nyingi zaidi vijijini, nayo ni gobole lililofuliwa na mhunzi wetu hapa hapa kwa bomba la chuma na kipande cha mti, kwa ajili ya kuwinda na kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Hili linaweza kuonekana la kale kwa sababu ya kutu na moshi wa jikoni, kumbe lina umri wa miaka thelathini au arobaini tu. Tofauti hii ni muhimu, kwani la kwanza laweza kuwa na thamani ya historia na la pili halina. Lakini yote mawili yanaua.

Thamani inatoka wapi?

Wanaokusanya silaha za kale duniani hawanunui chuma kwa kilo. Wanatazama alama ya kiwanda iliyopigwa kwenye chuma, kwa mfano herufi ELG zilizozungushiwa duara la yai, ambayo ni alama ya ukaguzi ya mji wa Liège nchini Ubelgiji, au neno TOWER na taji kwenye bunduki za Kiingereza. Wanatazama kama ni ya mrao, ya gumegume au ya fataki. Wanatazama kama vipande vyake ni vile vile vya asili au vimebadilishwa, kama mdeki wake upo, kama kitako kina nakshi. Na zaidi ya yote wanauliza: ilikuwa ya nani, na kuna ushahidi gani? Oman, kwa mfano, bunduki ya fatila iliyopambwa kwa fedha huhesabiwa kuwa fahari ya ukoo, na thamani yake haipimwi kwa uwezo wa kupiga.

Sasa jiulize: kati ya familia ya Mbuba na yule mtu wa gari, nani anayajua haya? Mmoja anajua, mwingine hajui. Na anayejua ndiye anayeharakisha.

Uislamu haukuliacha jambo hili. Mtume (s.a.w) alikataza watu kuwatokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na katika mapokezi ya Imam Muslim akampa muuzaji hiyari ya kuvunja biashara pindi afikapo sokoni na kuijua bei. Hekima yake iko wazi. Mwenye mali asiyejua bei ya soko asigeuzwe mawindo ya anayejua. Je, kumfuata mjane kijijini ndani ya siku za msiba wake, na kumtaka auze usiku ule ule, si ndiko kuutokea msafara njiani?

Kinyume chake ni mwenendo wa sahaba Jarir bin Abdillah (r.a). Imepokewa na Tabarani kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham mia tatu. Jarir alipomwona farasi akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi ya hiyo, akawa anaongeza bei mwenyewe mpaka ikafika mia nane. Alipoulizwa, akaeleza kwamba alimpa Mtume (s.a.w) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Mnunuzi anampandishia muuzaji! Wangapi kati yetu tunaofanya biashara Kariakoo, Mwanza au Bukoba tunaweza hilo?

Lakini uaminifu una pande mbili. Wapo pia wauzaji wanaochukua gobole la mhunzi, wakalipaka matope na mafuta, wakaapa kwamba ni "mali ya Mjerumani". Tunafahamu jinsi utapeli wa mali ya Mjerumani ulivyowatia watu umaskini, wengine wakachimba hata makaburi. Mtume (s.a.w) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akatangaza kwamba mwenye kudanganya si katika yeye. Kubuni ukale wa kitu ni kuficha unyevu chini ya rundo.

Si ya kaka peke yake

Tuje kwenye mirathi. Kwa mila za sehemu nyingi, silaha za baba hupokelewa na mtoto wa kiume, na mabinti na wajane hawaulizwi. Allah (s.w) ameivunja mila hiyo katika Suratun-Nisaa (4:7) pale alipoweka fungu kwa wanaume na fungu kwa wanawake katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Zingatia hayo ya uchache na wingi. Hakuna kitu kidogo kiasi cha kuponyoka kwenye mirathi, wala hakuna kitu cha heshima kiasi cha kupita nje yake. Kama chuma kile kina thamani halali, basi ni cha warithi wote baada ya madeni na wasia wa marehemu.

Tuchukulie kwa mfano tu kwamba thamani yake ya haki ni shilingi 640,000, na marehemu ameacha wajane wawili, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike, na wazazi wake wamekwishafariki. Wajane wanachukua thumuni, yaani 80,000, kila mmoja 40,000. Zinabaki 560,000 kwa watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike: kila mwana 140,000 na kila binti 70,000. Wale mayatima wawili wadogo, mvulana na msichana, wana 210,000 yao. Sasa kaka akiiuza usiku kwa laki mbili na kuzitia mfukoni, amekula pungufu hata ya haki ya wale watoto wawili peke yao! Na anayekula mali ya yatima kwa dhulma, Qur'an (4:10) inatuambia anakula moto tumboni mwake.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: hakuna mrithi mmoja mwenye haki ya kuiuza, kuigawa wala kuificha peke yake, awe mkubwa namna gani.

Sheria ya nchi

Swali la pili: je, hao warithi wote wakikubaliana, wanaweza kuuza kwa yeyote? Hapana.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki, kuuza wala kununua silaha ya moto bila kibali. Kibali ni cha mtu kwa jina lake, si cha nyumba. Aliyekuwa nacho akifa, bunduki haihami kwa warithi kama jembe na kitanda. Na asijidanganye mtu kwamba gobole si bunduki. Mahakama zetu zimewafunga watu wengi kwa kukutwa na gobole bila kibali.

Kuna na sheria ya pili ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Havichuuzwi wala kutolewa nje ya nchi bila ruhusa ya mamlaka inayohusika. Kwa hiyo kama bunduki ile ni ya kale kweli, kama anavyodai mnunuzi, basi sheria mbili zinaigusa. Na kama si ya kale, hana sababu ya kuitaka. Kwa nini basi aifuate usiku?

Hapa najua baadhi ya wasomaji watanijia juu. Watasema: "Ustadhi, wewe unatupeleka polisi? Muislamu mwenye kanzu na ndevu akiingia kituoni na bunduki, atatoka?" Hofu hii siidharau. Tunakumbuka Mwembechai, Februari 1998. Tunakumbuka jinsi Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ilivyopokewa kwa wasiwasi misikitini, na sababu za wasiwasi huo. Mtu aliyeungua hata jivu huliogopa.

Lakini tuipime hofu hii kwa akili. Bunduki iliyofichwa darini kwa Muislamu ndiyo inayoweza kumpa mtu mbaya ushahidi dhidi ya familia nzima, kesho kwa ugomvi wa mpaka wa shamba tu. Kuificha si kinga. Na zipo njia za kujihifadhi: kutoibeba barabarani, bali kutoa taarifa kwanza na kuomba waje waichukue, kumhusisha mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kuwa na mashahidi, akiwemo imamu, kudai maandishi ya mapokezi. Tena serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2022. Familia isiyotaka wasiwasi iulize kama kuna kipindi cha namna hiyo.

Na wapo watakaosema kuwa sheria za serikali si sharia ya Allah. Ni kweli si Qur'an. Lakini amri ya Suratun-Nisaa (4:59) ya kuwatii wenye mamlaka, kadiri wasivyoamrisha maasi, haikuja bure. Kanuni inayozuia chuma cha kuulia kisitembee ovyo inalinda nafsi, na kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia yenyewe. Sioni Muislamu atashika hoja gani mbele ya Allah kwamba aliivunja kwa ajili ya dini.

Baada ya kuuza

Sasa nifike kwenye kiini. Watu wengi hudhani kwamba ukishauza umemaliza. Umepokea fedha, umetoa kitu, yatakayotokea ni ya mnunuzi. Je, ni hivyo?

Imam Bukhari katika kitabu cha biashara ameweka mlango maalumu kuhusu kuuza silaha wakati wa fitna na wakati usio wa fitna. Mwanzoni mwa mlango huo ametaja kwamba sahaba Imran bin Husayn (r.a) alichukia silaha kuuzwa wakati wa fitna. Kisha, chini ya mlango huo huo, ameleta hadithi ya Abu Qatada (r.a), kwamba walitoka na Mtume (s.a.w) mwaka wa Hunayn, naye akapewa deraya, akaiuza, na kwa thamani yake akanunua bustani katika eneo la Bani Salima. Hiyo ikawa mali ya kwanza aliyoipata katika Uislamu.

Tazama elimu ya mtu huyu, Allah amrehemu. Mlango mmoja, mambo mawili. Zana ya vita ni mali na inauzwa: Abu Qatada ameuza, wala hakulaumiwa. Na zana ya vita inaweza kuwa haiuziki: Imran amechukia. Hukumu inageuka kwa sababu ya wakati na mnunuzi. Abu Qatada aliipata deraya yake kwa hukumu ya Mtume (s.a.w) mwenyewe, na aliuza katika jamii yenye amani na mamlaka. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, wameliweka jambo hili katika fungu moja na kuuza zabibu kwa mtengeneza mvinyo: ukijua au ukidhani kwa nguvu kwamba mnunuzi atafanyia maasi, ni haramu kwako, na wametoa mfano wa silaha kwa wanyang'anyi wa njiani. Ukiwa na shaka tu, ni makuruhu. Msingi wake ni Suratul-Maida (5:2), tusisaidiane katika dhambi na uadui.

Ni nani asiyejua habari za wanyang'anyi wa njiani katika Ngara na Biharamulo? Aprili 1994 kiasi cha watu laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Walikuwa wahitaji, na watu wa Ngara waliwapokea. Lakini katika umati huo walikuwemo waliokuja na silaha, na vita vya Burundi vikaongeza nyingine. Kwa miaka mingi mabasi ya njia ya Biharamulo na Ngara yakawa yanasindikizwa na polisi. Mwenye kuishi huko anajua maana ya dereva kuzima redio ili abiria waombe dua. Hali ilikuja kutulia, lakini tunajua utulivu huo umegharimu nini. Nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo kwa sababu hiyo hiyo: bunduki haijui mpaka.

Utaniambia: gobole lililoliwa na mchwa litamtisha nani? Nakujibu: aliyeamrishwa kushuka kwenye baiskeli gizani haangalii kama kitako kimeliwa na mchwa. Mhunzi naye anaweza kufufua mtutu kwa siku mbili. Mtume (s.a.w) alikataza kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na akakataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Ikiwa mkono kwa mkono, baina ya marafiki, mchana, tumeamrishwa tahadhari kiasi hicho, itakuwaje kumpa mtu usiyemjua jina, usiku, chuma usichojua kitaishia wapi?

Kwa hiyo bei haimalizi dhima. Kuna vitu ukiviuza dhima yake inakatika: gunia la maharage, baiskeli, shuka. Na kuna vitu dhima yake inakufuata mpaka ujue umeviweka mikononi mwa nani. Silaha ni ya pili.

Mama ana hoja

Limebaki neno la mama, nalo ni zito kuliko ya wote kwa sababu halihusu fedha. Kwake yeye gobole lile ni mume wake, na mkwe wake, na nyumba aliyoolewa. Si vema kijana aliyesoma mjini amwambie mama kwamba hayo ni ushamba. Kuwakumbuka waliotangulia ni katika wema.

Lakini tumuulize kwa adabu: mama, tunachokikumbuka kwa marehemu ni kipi? Kama alilinda shamba usiku ili watoto wale, hicho ndicho cha kusimuliwa. Na je, tunajua chuma kile kilifanya nini kabla ya babu? Bunduki za karne ile zililetwa na biashara ya pembe na ya watu. Huenda ililinda kaya, na huenda ilizivunja kaya za wengine. Sisi Waislamu tusikwepe ukweli kwamba katika misafara ile walikuwemo Waislamu wenzetu. Allah (s.w) ametufundisha (2:134) kwamba umma ule umekwishapita, una ulichochuma, nasi tuna tulichochuma. Hatutaulizwa waliyoyatenda. Tutaulizwa tutakalotenda na walichotuachia.

Mtume wetu (s.a.w) alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa pishi kadhaa za shayiri alizochukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Kiongozi wa umma aliona chakula cha familia kina haki zaidi kuliko zana ya vita kubaki ndani. Hakuna aliyesema heshima yake imeondoka na deraya ile.

Jibu nililompa

Nilimjibu kijana yule hivi. Kwanza, yule mtu wa gari mwambieni hapana, na hilo msilichelewe. Pili, iteni warithi wote, na wajane wawepo, muwaeleze kilichopo. Tatu, toeni taarifa kwa njia niliyoieleza, na ombeni wataalamu wa mambo ya kale au Makumbusho ya Taifa waitazame. Ikionekana ina thamani ya historia na ikapatikana njia halali ya kulipwa, fedha hiyo ni mirathi, igawanywe kama Allah alivyogawa, na fungu la mayatima liandikwe na kuhifadhiwa. Nne, ikionekana haina njia halali ya kuuzwa, isalimisheni, na nyinyi wakubwa nuieni sadaka kwa ajili ya marehemu.

Akaniuliza: "Na mayatima? Wao hawawezi kutoa sadaka, na walii wao hana ruhusa ya kuwatolea." Nikafurahi, kwani swali hilo ni la mtu aliyefahamu. Nikamwambia: kisichoweza kuuzwa kwa halali hakina bei ya kudhaminiwa, kwa hiyo hamna deni kwao. Lakini kama wataalamu watasema ina thamani halali, na nyinyi wakubwa mkaona bora kuitoa bure kwa makumbusho, basi wafidieni wadogo fungu lao kutoka mifukoni mwenu. Msiwe wakarimu kwa mali ya yatima.

Na kwa mama, nikamwambia akae naye aandike. Nani aliileta bunduki ile, kutoka wapi, babu aliwinda wapi, siku gani ililia kwa mara ya mwisho. Daftari hilo kila mrithi anaweza kuwa nalo, halihitaji kibali, na halimuui mtu.

Najua jibu hili lina gharama. Huenda familia ile ya Mbuba ikatoka mikono mitupu, huku kuna mtu aliyekuwa tayari kuwahesabia noti palepale, na ada za shule zinasubiri. Sikumficha kijana hilo. Lakini Abu Qatada alipouza deraya yake kwa njia safi alipata bustani, watu wakala matunda. Sisi tukikosa njia safi ya kuuza, bustani ya baba bado ipo: migomba ile na kahawa ile. Ipalilieni hiyo.

Wallaahu a'lam.